Mikono ya Nyumbani: Safari Yetu ya Kusini Unguja

Mtu akifika katika mji mgeni, desturi yake ni kutazama minara ya misikiti, milango iliyonakshiwa na majumba ya wafalme wa zamani. Hivyo ndivyo wafanyavyo wageni wengi wanaoutembelea Mji Mkongwe wa Unguja, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hatuna ugomvi nao, kwani majengo yale yastahili kutazamwa. Walakini upo urithi mwingine ambao mgeni aghalabu huupita asiuone. Huo umetandikwa sakafuni, umetundikwa ukutani mwa jiko, au umesimamishwa nyuma ya mlango. Ni mkeka, upawa, kawa, kamba na ufagio: vitu vilivyofanywa kwa mkono wa mtu wa nyumba ile ile, au kwa mkono wa jirani yake.

Mwezi huu, ndugu msomaji, twapenda kukuchukua pamoja nasi kutoka Mjini hadi vijiji vya kusini na mashariki mwa Unguja ili tuone vitu hivyo vinavyotengenezwa, na kisha turejee nyumbani tujaribu baadhi yake wenyewe. Akina mama na akina baba watapata humu mambo machache ya kuwafaa jikoni na sandukuni, na vijana watapata kazi za kuishughulisha mikono yao siku za mapumziko.

SOKONI DARAJANI

Safari ya kutazama vyombo vya nyumbani yafaa ianze sokoni. Soko la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904, na mpaka leo mtu wa shamba na mtu wa mjini hukutana hapo. Ukizunguka pembezoni mwake utaona fagio za chelewa zilizofungwa mafungu, vikapu vya ukindu vilivyotiwa rangi, mbuzi za kukunia nazi, na nyungo zimepangwa moja juu ya moja. Bega kwa bega na vitu hivyo zimesimama ndoo, beseni na mikeka ya plastiki iliyosafirishwa kutoka nchi za mbali, rangi zake zikimetameta.

Mkeka wa plastiki una sifa zake, wala haifai kuzikana. Ni mwepesi, huoshwa kwa maji mengi, na ukilowa hauozi. Lakini sifa hiyo ya kutooza ndiyo inayogeuka kuwa taabu siku mkeka unapochakaa. Mkeka wa ukindu ukizeeka hutupwa shambani, nao hurudi kuwa udongo. Ule wa plastiki hukatikakatika vipande vidogo vidogo, na mvua huvichukua mpaka mtaroni, na kutoka mtaroni mpaka baharini.

Serikali za pande zetu zimeiona taabu hiyo katika mifuko. Zanzibar ilitangulia kuipiga marufuku mifuko ya plastiki, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Wazee wengi walidhani kwamba sasa zamani itarudi, na kila mwenye kwenda sokoni atashika kikapu chake cha ukindu kama alivyofanya bibi yake. Jambo hilo limetokea kwa sehemu ndogo tu. Mifuko mingi iliyoshika nafasi ya ile ya kwanza ni ile inayofanana na kitambaa, nayo asili yake ni plastiki vilevile. Kwa nini basi kikapu hakikurudi kwa nguvu, hali njia imesafishwa mbele yake? Jawabu la swali hilo hatukuliona Darajani. Tulilikuta vijijini.

NJIA YA KUSINI

Gari la kusini hutoka Mjini likapita Tunguu, kisha likaingia penye kivuli cha msitu wa Jozani, makao ya wale kima wekundu wa Unguja ambao hawapatikani penginepo duniani ila visiwani kwetu. Baada ya Kitogani nchi hubadilika. Ile ardhi nyekundu yenye rutuba, iotayo mikarafuu, yabaki nyuma upande wa kaskazini na magharibi. Mbele yako ni uwanda wa mawe, ambapo jembe likiingia ardhini hulia. Watu wa huku hawakupewa mashamba ya karafuu. Walipewa bahari, minazi, na subira. Kwa vitu vitatu hivyo wamejenga nyumba zao na kuwalea watoto wao.

Gari hufika Paje, na hapo njia hugawanyika. Ukienda kaskazini utafika Bwejuu. Ukienda kusini utafika Jambiani, kijiji kirefu kilichojinyosha ufukoni, na mbele zaidi Makunduchi. Sisi tulishuka Jambiani wakati bahari imekupwa. Pwani ya upande huu maji yake yakitoka hutoka sana, na mtu aweza kutembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba wanapovunjika mawimbi. Katika uwanja huo wa mchanga mweupe ndipo tulipoyaona makumbi.

KAMBA ITOKAYO MCHANGANI

Nazi ikifuliwa, watu wengi huyatupa makumbi yake au huyatia motoni. Mwanamke wa pwani ya mashariki huyaona kuwa ni mali iliyojificha. Huyachukua pwani, akachimba shimo mahali ambapo maji huja na kuondoka, akayapanga humo, akayafukia kwa mchanga na kuyakandamiza kwa mawe ili yasielee. Kisha huyaacha. Si siku mbili wala wiki mbili. Ni miezi kadhaa, aghalabu nusu mwaka au zaidi. Maji ya chumvi huingia na kutoka, na ile nyama ya kumbi inayoshikanisha nyuzi hulainika polepole.

Muda ukitimia hufukua. Harufu yake si ya marashi, na mgeni huziba pua, wenyewe hucheka. Huliweka kumbi juu ya jiwe na kulipiga kwa mti mpaka unga wote umetoka na zimebaki nyuzi tupu, ndizo ziitwazo usumba. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, na zikikauka husokotwa kwa viganja vya mikono kuwa ugwe mwembamba. Kisha ugwe na ugwe hupotanishwa kuwa kamba. Kamba hiyo huwamba vitanda, hufunga boriti na makuti ya paa, huteka maji kisimani, na kufunga ng'ombe. Sifa yake kubwa ni kwamba haiogopi maji ya bahari.

Kwa sababu hiyo kamba ya nazi ina historia kuliko watu wanavyodhani. Kiko kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), nacho chaeleza habari za pwani hii ya Afrika Mashariki. Mwandishi wake asema kwamba watu wa huku walikuwa na vyombo vya bahari vilivyoshonwa, na kwamba katika kisiwa alichokiita Menouthias watu walikuwa wakivua kwa matenga ya kusukwa waliyoyatega penye mikondo ya maji. Wanachuoni wengine husema kisiwa hicho ni Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia. Vyovyote iwavyo, mvuvi wa leo mwenye dema lake hatashangaa akisomewa habari hiyo. Na vyombo vya kushonwa viliendelea kuwako kwa karne nyingi. Jamaa yao wa mwisho katika pwani yetu alikuwa mtepe, jahazi ambalo mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za nazi. Basi mama anayesokota usumba barazani kwake anafanya kazi iliyowapeleka wazee wetu bandari za mbali.

Lakini mashimo ya makumbi yamepungua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulianza huku kilimo cha mwani, na Paje na Jambiani vilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza. Akina mama walikipokea kwa mikono miwili, kwa sababu mwani huvunwa baada ya wiki chache, na makumbi hungoja miezi. Hapana wa kuwalaumu. Mwenye watoto wa kusomesha hawezi kungoja. Jambo la kuzingatia ni hili: mwani hufungwa katika kamba, na kamba hizo ni za plastiki. Tuliwaona akina mama, binti na wajukuu wa wasokotaji mashuhuri, wakirudi kutoka baharini na mafungu ya kamba za kiwandani mabegani mwao.

UKILI NA MJUKUU

Alasiri tulipiga hodi katika nyumba moja iliyo nyuma kidogo ya ufuko. Bibi mwenye nyumba alikuwa ameketi barazani amenyoosha miguu, na ukili umemtoka mikononi ukajikunja kando yake kama gurudumu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni kitako. Mkeka huo hapo."

Tuliketi, naye hakusimamisha kazi. Akatueleza kwamba ukindu hutoka katika mkindu, mti wa jamaa ya mtende upendao mahali penye unyevu. Hukatwa kile kilele kichanga ambacho bado hakijafunguka. Majani huchanwa, huanikwa juani mpaka yakawa meupe, na yale yatakiwayo rangi huchemshwa katika sufuria kubwa pamoja na rangi yake. Siku hizi rangi hununuliwa dukani ikiwa unga. Zamani walitumia manjano kwa rangi ya njano, gome la mkoko kwa wekundu wa kahawia, na mizizi ya mdaa kwa weusi.

Kabla ya kusuka, ukindu hulowanishwa kidogo ili usivunjike, kisha huchanwa tena vipande vya upana mmoja. Hapo mkono huanza. Kipande hupita juu ya mwenziwe na chini ya mwenziwe, ukingoni hukunjwa na kurudi, na kila kinapokaribia kwisha huingizwa kingine bila kuonekana mahali kilipoungwa. Ukili ukifika urefu unaotakiwa, hupimwa kwa pima, na kili hushonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia mpaka mkeka ukatimia. Kwa ukili mmoja mwembamba hupatikana kawa la kufunikia chakula. Kwa mpana zaidi, mkeka wa kulalia. Na kwa mzuri kupita wote, msala wa kusalia.

Tuliutazama mkono wake. Macho yake yalikuwa kwetu akizungumza, na vidole vyake vilikuwa vikihesabu peke yao. Karibu naye alikuwapo mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa kidato cha tatu, amefungua daftari lake la hesabu. Tukamwuliza, "Nawe binti, unajua kusuka?"

Akainama kwa haya. "Sijui. Bibi hajaniambia nikae nijifunze."

Bibi akacheka kidogo. "Sisi hatukuambiwa, mwanangu. Tulikaa."

Maneno hayo mafupi tuliyachukua pamoja nasi njia nzima, kwa maana ndani yake lipo lile jawabu tulilolikosa Darajani. Kikapu hakikurudi kwa sababu hakikuwa kimehifadhiwa ghalani kikingoja sheria ibadilike. Kilikuwa kimehifadhiwa katika vidole vya watu, na vidole hivyo vimezeeka. Zamani mtoto alijifunza kwa kuketi. Alipewa mabaki ya ukindu achezee, akasuka kitu kilichopinda, akafumuliwa, akasuka tena, na hakuna aliyeita jambo hilo somo. Leo mtoto yuko skuli asubuhi, yuko chuoni jioni, na usiku ana kazi za nyumbani alizopewa na mwalimu. Bibi amengoja mjukuu aketi, na mjukuu amengoja bibi amwite. Kila mmoja anamstahi mwenziwe, na baina ya heshima mbili hizo kazi ya miaka elfu inapotea.

Liko na jambo la bei. Mwenye kusuka hulipwa kwa pima ya ukili, na malipo yake ni haba yakilinganishwa na siku alizozitumia. Mnunuzi aingiapo katika duka lenye milango ya kioo hulipa bei iliyoandikwa asiseme neno. Akifika kwa bibi mwenye mkeka huanza kupunguza, na hupunguza mpaka bibi anyamaze. Binti anayeyaona hayo kila mara atatamani vipi kuirithi kazi hiyo? Anayetaka mikeka isipotee na ainunue kwa bei iliyo haki.

MKEKA KATIKA MILA YETU

Haifai Muislamu auone mkeka wa majani kuwa ni kitu cha dhiki. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (S.A.W.) alialikwa chakula na bibi mmoja wa jamaa zake, na baada ya kula akasimama kuwasalisha, Anas akauchukua mkeka wao uliokwisha kuwa mweusi kwa kutumiwa siku nyingi, akaunyunyizia maji, na Mtume akasali juu yake. Tena imepokewa kutoka kwa Bibi Maymuna kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akisali juu ya mkeka mdogo wa majani ya mtende. Na Bibi Aisha alipoulizwa habari zake nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwasaidia watu wake, akishona viatu vyake na nguo zake mwenyewe.

Vijana wetu wa kiume wayazingatie haya. Kushona kifungo kilichong'oka, kukaza kamba ya kitanda na kutia kiraka si kazi za wasichana peke yao.

Tuliporejea Mjini tuliona mfano mwema. Katika nyumba moja ya uchochoroni tulimkuta mama akishona kofia ya viua, na mwanawe wa kiume wa miaka kumi na miwili ameshika kipande chake. Kofia hii hushonwa kwa mkono kutoka kitambaa cheupe. Nakshi huchorwa kwanza, kisha hutobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi ukingoni. Vitundu hivyo ndivyo viua vyenyewe. Kofia moja yaweza kuchukua wiki nyingi, na ile ya nakshi nzito huchukua miezi. Ziko kofia za mashine zenye bei nafuu, nazo zimejaa madukani. Lakini mtu wa pwani akiishika kofia ya mkono huitambua kwa kidole kabla ya jicho. Mtoto yule alikuwa amemaliza viua vitano, na vitatu vilikuwa vimepinda. Mamaye hakuvifumua. Alimwambia, "Viache. Utakapokuwa fundi utapenda kuviona."

KAZI NYEPESI ZA KUANZIA

Si kila nyumba ina mkindu karibu, wala si kila mtu ataweza kusuka mkeka. Lakini kila nyumba ina kitu cha kuanzia. Hapa twawaletea kazi chache tulizozikusanya njiani, ambazo hazina gharama.

Ufagio wa chelewa. Twaa kuti la mnazi, lichane majani yake mmoja mmoja, na kwa kisu uondoe ubapa ubaki ule uti wa katikati. Anika siku mbili tatu. Kusanya kiasi kinachojaza mkono, gonga vichwa vyake sakafuni vilingane, kisha funga kwa nguvu mahali pawili, juu na chini kidogo yake. Ufagio mrefu hufaa uani, na ule uliopunguzwa hufaa kusugulia sakafu ya bafu.

Upawa wa kifuu. Chagua nusu ya kifuu isiyo na macho. Kwangua nyuzi zote kwa kigae cha chupa, mtu mzima akisimamia, kisha laini kwa msasa ndani na nje. Toboa matundu mawili yanayoelekeana karibu na ukingo, upitishe kijiti kilichochongwa kitoke upande wa pili. Chemsha upawa katika maji, ukaushe, na uupake mafuta ya nazi. Upawa huu hautachubua sufuria yako, na mpini wake hauunguzi mkono.

Dodoki. Panda mbegu za dodoki penye uzio wa kupandia. Usilichume tunda likiwa bichi. Liache likauke juu ya mti mpaka liwe jepesi na mbegu zisikike ndani ukilitikisa. Lirowanishe, ulimenye, ukung'ute mbegu uziweke kwa msimu ujao, kisha lioshe na kulianika. Kipande kimoja kwa kuogea na kimoja kwa vyombo. Kila baada ya matumizi kitundike kikauke, kisije kikaoza.

Kata ya kitambaa. Kanga iliyochakaa haitupwi. Ichane vipande virefu, visokote, vizungushe duara kama kata ya kubebea mtungi kichwani, na juu yake uzungushe kipande kizuri zaidi na kukishona. Hapo utapata pahala pa kuwekea chungu au sufuria ya moto bila kuunguza meza. Mtoto wa miaka saba aweza kazi hii.

Kifuko cha karafuu. Kwa kipande kingine cha kanga shona kifuko kadiri ya kiganja, ukitie vijiko viwili vya karafuu kavu, ukifunge mdomo. Kiweke sandukuni katikati ya nguo. Nguo zitanukia, na wadudu wengi hawaipendi harufu yake. Harufu ikififia, badili karafuu.

Majani ya mwarobaini. Kausha majani kivulini mpaka yakatike kwa mkono. Hakikisha kunde au maharage yako yamekauka barabara, kisha yapange katika chombo chenye kifuniko: tabaka la kunde, majani machache, tabaka jingine. Hii ni njia ya zamani ya kuwapinga wadudu wa nafaka. Kabla ya kupika pepeta majani yote yatoke na uoshe vizuri, kwani ni machungu mno.

Dele na sinia za shaba. Kata limau, lichovye katika chumvi, usugue polepole. Au tumia ukwaju uliolowekwa. Uchafu ukitoka osha kwa maji mengi na ukaushe papo hapo. Usiache limau likae juu ya shaba, maana litaacha madoa.

Kuutunza mkeka. Mkeka hukunjwa mviringo kama karatasi ndefu, haukunjwi kama nguo, ili usivunjike. Kila wiki ukung'ute, uupanguse kwa kitambaa chenye unyevu, na uuanike kwa muda mfupi; jua kali la kutwa huondoa rangi. Ukiingia najisi, ondoa ile najisi yenyewe, utie maji safi, kisha uukaushe pande zote mbili. Na mshono ukifumuka urefu wa kidole, ushone siku hiyo hiyo. Ukingoja mwezi, utafumuka urefu wa mkono.

SAA MOJA KWA WIKI

Kazi hizi ni nyepesi, na mtu aweza kuuliza zina haja gani wakati upawa wa chuma wauzwa kwa pesa kidogo. Twaona haja yake ni mbili. Ya kwanza ni kuepuka israfu. Mtoto aliyetengeneza kata kutokana na kanga ya mama yake hatatupa kitambaa ovyo, na aliyehangaika na kifuu siku nzima ataujua uzito wa kazi ya mtu mwingine. Atakapokuwa mnunuzi hatamdhulumu bibi mwenye mkeka.

Ya pili ni ile tuliyoiona Jambiani. Kazi ya mkono haikai katika kitabu, hata makala haya hayatamfundisha mtu kusuka. Yataweza kumwambia ukindu hupita juu na chini. Hayataweza kumwonyesha kiasi cha kuukaza. Hilo hulipata mtu kwa kuketi karibu na anayejua.

Kwa hiyo twawaomba wazazi jambo moja. Tengeni saa moja kwa wiki, jioni ya Ijumaa au wakati wowote unaowafaa, ambapo simu zitawekwa kando na watoto wataketi na mzee mmoja wa nyumba au wa mtaa. Ikiwa mzee anajua kusuka, na asuke. Ikiwa anajua kupotanisha kamba, kuunga udi, kufunga kikuba cha asumini na rihani, au kutia viraka visivyoonekana, na afanye. Msiwalazimishe watoto, wala msiwape mtihani. Wapeni mabaki wachezee.

Na nyinyi vijana msingoje kuitwa. Nendeni kwa bibi zenu, mwaamkie, mkae. Mkiulizwa mmefuata nini, semeni mmekuja kutazama. Bila shaka baada ya kitambo kidogo mtapewa kipande cha kushika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na umri, aibariki mikono yao, na awajaalie vijana wetu kuipokea kazi hiyo ingali hai. Amin.